Rangi iliyokwisha dirishani: jibu kwa mfumaji wa Njoro

Msomaji wetu wa Njoro ameandika hivi: “Mimi ni mfumaji. Mwaka huu nilifuma zulia dogo la sufu na kitambaa cha meza cha pamba, vyote kwa nyuzi nilizotia rangi mwenyewe. Rangi ya waridi niliitoa kwenye bitiruti, njano kwenye manjano ya jikoni, na buluu kwenye unga wa nili nilionunua. Sufuria za bitiruti na manjano nilizitia chumvi na siki kama nilivyofundishwa. Nili niliifuata kwa maelezo ya muuzaji. Mteja wangu wa mjini Nakuru amevirudisha vitu hivyo baada ya miezi minne. Waridi imekuwa kama uji wa mahindi, njano imekwisha upande uliokuwa dirishani, lakini buluu iko vile vile. Kitambaa kimeumia kuliko zulia. Nilikosea wapi, na ni mimea gani ya huku kwetu ninayoweza kuitegemea?”

Dada yangu, pole kwa hasara hiyo. Kabla ya kuzungumzia rangi zilizokufa, tuiangalie ile iliyobaki hai, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Buluu ndiyo rangi pekee ambayo hukuitia chumvi wala siki, na ndiyo pekee iliyostahimili jua la dirisha lile lile. Unga wa nili hauyeyuki katika maji matupu. Ukiwekwa ndani ya pipa lenye chokaa au magadi pamoja na kitu cha kuondoa oksijeni, hugeuka kuwa hali inayoyeyuka na kuingia ndani ya uzi; uzi unapotolewa, ukiwa na rangi ya kijani iliyoelekea unjano, hewa huurudisha kuwa buluu isiyoyeyuka tena, huku unautazama. Rangi inakuwa imejifungia ndani. Adui yake ni msuguano kuliko mwanga, ndiyo maana suruali ya jinzi hupauka magotini kabla ya kupauka mahali pengine.

Chumvi na siki ulizofundishwa zimehama kutoka kwenye rangi za kiwandani. Huko zina kazi yake: chumvi huisukuma rangi ya pakiti itoke majini na kuingia kwenye pamba, nayo siki huisaidia sufu kupokea rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya mazingira ya uchachu. Rangi ya mmea ni kitu kingine. Nyingi kati yake zinahitaji madini ya kuziunganisha na uzi, na chumvi ya mezani haina uwezo huo hata ukitia kilo nzima. Ushauri huu nimeukuta kila ninakokwenda kufundisha, kuanzia Kisumu hadi Kitale, na kila mara huwa umetolewa kwa nia njema.

Bitiruti yenyewe isingeokolewa na chochote. Wekundu wake ni wa aina inayoyeyuka upesi majini na kuvunjika kwa joto na kwa mwanga, kiasi kwamba hata sufuriani, ukiichemsha kwa saa nzima, utaona maji yakianza kuelekea rangi ya kahawia kabla uzi haujaingia. Manjano ni msaliti wa namna nyingine: hushika haraka kwenye sufu na kwenye pamba bila kusaidiwa na chochote, hung’aa kuliko njano yoyote niijuayo, kisha jua huila. Jambo hili kila mama anayefua nguo amekwisha kuliona. Mchuzi wenye manjano ukimwagikia shati jeupe, ukipaka sabuni ya kipande doa hugeuka jekundu kama damu, kwa sababu manjano hubadilika rangi yanapokutana na magadi ya sabuni. Shati likisuuzwa na kuanikwa juani siku mbili tatu, doa huanza kutoweka lenyewe. Doa lile na njano ya kitambaa chako cha meza ni kitu kimoja.

Lugha yetu nayo imetuponza kidogo. Tunasema rangi ya manjano, na manjano ni kiungo kisichodumu kwenye nguo. Tunasema rangi ya zambarau, na tunda la zambarau ni baya zaidi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilitia shali sita za harusi rangi kwa tunda hilo, nikapata rangi nzuri mno ya kifalme, nikazifua mara moja kwa sabuni zikageuka kijivu chenye ukijani. Nilizirudia zote sita kwa fedha yangu. Kundi lote la matunda na maua yenye wekundu unaobadilika ukitiwa ndimu au magadi, likiwamo ua la rosela tunalotengenezea kinywaji, liache jikoni.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hukukitia, nacho ni shabu. Ni yale mawe meupe yanayong’aa kama sukari guru iliyosafishwa, ambayo vinyozi wa zamani walikuwa wakiyapitisha kwenye kidevu baada ya kunyoa, na ambayo hata sasa huuzwa katika maduka ya viungo. Ndani yake mna aluminiamu, na aluminiamu ndiyo daraja: upande mmoja hushika uzi, upande wa pili hushika rangi ya mmea. Ipo pia shabu ya mifuko inayotumiwa kutulizia tope katika maji ya kunywa. Hufanya kazi, lakini baadhi yake huwa na chuma kidogo, na chuma huifanya njano iwe na huzuni. Kwa rangi safi nunua ile ya mawe.

Kwa sufu, kazi huanza kwenye mizani, na hapo ndipo wafumaji wengi wa upande wenu hukosea bila kujua. Manyoya ya kondoo wa Molo au Mau Narok, hasa wale wa aina ya Corriedale, huja na mafuta, jasho, vumbi na mbegu za nyasi. Kilo moja ikioshwa vizuri inaweza kubaki gramu 600 hivi, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Ukipima shabu kwa uzito wa manyoya machafu, utatia karibu mara mbili ya inayohitajika, na sufu itakuambia yenyewe: ikikauka inanata vidoleni kama iliyoguswa na asali. Kwa hiyo osha, sokota, kausha kabisa, ndipo upime. Kwa kila gramu 100 za uzi mkavu na safi, tia gramu 15 za shabu, ambayo kwanza umeiyeyusha katika kikombe cha maji ya moto. Imimine ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, uzi uliolowekwa tangu jana uelee kwa raha, kisha pandisha joto polepole kwa muda wa saa nzima.

Usiache maji yachemke kwa nguvu. Ninyi wa Njoro mko juu ya mita 2,000, na maji huko huanza kuchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo mtu aliyesoma maelezo yanayosema nyuzi 85 na hana kipimajoto asingoje mapovu makubwa. Mvuke ukiinuka na vipovu vidogo vikianza kung’ang’ania chini ya sufuria, umefika. Shikilia hapo saa moja, epua, na uache uzi ulale humo humo mpaka asubuhi. Usiusugue wala usiuhamishe ghafla kutoka maji ya moto hadi ya baridi, kwani sufu hugandana na kuwa kipande kimoja kigumu ambacho hakuna pia wala kitana kitakachokifungua. Uzi uliokwisha kutiwa shabu unaweza kukaushwa na kuwekwa hata miezi kadhaa ukingoja maua yachanue.

Pamba haifuati sheria hiyo, na hili ndilo jibu la kwa nini kitambaa chako cha meza kiliumia kuliko zulia. Sufu ni unywele wa mnyama, imeumbwa kwa protini, na shabu huipenda. Pamba ni mwili wa mmea, na shabu huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Zaidi ya hayo, uzi wa pamba wa dukani huja na nta yake ya asili, na ule wa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandikwa kwanza mtamboni, mara nyingi umepakwa wanga kiwandani ili usikatike katika mtambo wa kufumia. Vyote hivyo lazima vitoke. Chukua magadi, yale yale ya kulainishia mrenda na maharagwe, kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 200 za uzi, pamoja na sabuni kidogo, uchemshe kwa saa mbili. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa uzi mweupe pepepe ambao ningeapa ni safi, maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Ikitokea hivyo, mwaga, urudie. Onyo moja tu: magadi ya moto ni ya pamba peke yake. Ukiichemsha sufu humo, utaivunja.

Baada ya kuoshwa, pamba inahitaji kitu kikali cha kuutangulia mkono wa shabu, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Huku kwetu unapatikana kwa wingi kwenye gamba la muwati, mti ulioletwa ili gamba lake litumike kulainishia ngozi. Gramu 25 za gamba kavu lililopondwa zinatosha kwa gramu 100 za pamba: lichemshe taratibu saa moja, chuja, na uloweke uzi katika maji hayo yakiwa ya moto kiasi mpaka kesho yake. Muwati huacha wekundu wa udongo, nao hauna neno kwa rangi za kahawia na za machungwa. Ukitaka njano safi, tumia maganda ya komamanga. Kisha kamua uzi bila kuusuuza, uutie kwenye shabu, gramu 15 kwa gramu 100 kama zile za sufu, safari hii pamoja na gramu 2 za magadi. Tia magadi kidogo kidogo, maana mchanganyiko hufura povu kama soda iliyotikiswa. Uzi ulale humo usiku kucha, na hapo tu ndipo pamba huwa tayari kuonana na rangi. Ni siku tatu au nne za kazi kabla hata hujachuma ua moja, na naelewa kwa nini watu hutafuta njia ya mkato. Rafiki zangu wa Dunga, hapa Kisumu, wanaosuka mikeka ya mafunjo na vikapu vya gugumaji, huniuliza swali hili hili, na jibu ni lile lile, kwa sababu nayo ni mimea.

Kuhusu mimea ya kutegemewa, nianze na njano. Shambani kwenu limejaa lile gugu refu lenye harufu kali ambalo wakulima hung’oa kwa hasira na wengine huliita bangi ya mwitu, la jamii moja na maua ya mariigoldi yanayopandwa bustanini. Maua na majani ya juu ya gugu hilo, yakiwa mabichi, mara mbili au tatu ya uzito wa uzi, hutoa njano nzuri kwenye sufu yenye shabu. Maganda ya vitunguu hutoa njano inayokwenda kwenye dhahabu na machungwa, na hayana gharama ukielewana na mwenye kibanda cha mboga. Majani ya mgrivelia hutoa njano tulivu zaidi. Hata hivyo, nisikudanganye: njano za mimea, kwa jumla, huchoka mapema kuliko buluu na kuliko nyekundu ya mizizi, hata zikitiwa shabu ipasavyo. Zitakaa miaka badala ya miezi, lakini usizitandaze dirishani. Ukizidokolea maji ya kutu hugeuka kijani cha zeituni na huongeza ustahimilivu mbele ya jua. Maji hayo ni misumari iliyolowekwa wiki mbili ndani ya siki. Hapa, angalau, siki yako imepata kazi. Tumia kidogo mno, kwa sababu chuma kikizidi huula uzi wenyewe na zulia litaanza kukatika kwenye mistari ya rangi hiyo kabla ya mingine.

Kwa machungwa na rangi ya kutu, majani ya mkaratusi ni zawadi kwa mfumaji wa sufu. Hayahitaji hata shabu: yachemshwe taratibu pamoja na sufu kwa saa mbili au tatu, na rangi hupanda kadiri muda unavyokwenda. Mikaratusi ni ya aina nyingi na haitoi sawa. Mmoja utakupa kahawia hafifu, na jirani yake akakupa rangi ya matofali, kwa hiyo jaribu miti mitatu minne na uuwekee alama ule ulio bora. Kwenye pamba rangi hiyo haipandi. Utapata rangi ya karatasi kuukuu tu.

Badala ya bitiruti, nakushauri kokwa za parachichi, ambazo hoteli zote za Nakuru hutupa. Zioshe mpaka mafuta ya tunda yaishe, zikatekate, zichemshe polepole na chembe ya magadi, uziache zilale. Jioni maji yatakuwa ya njano isiyopendeza na utadhani nimekudanganya. Asubuhi utayakuta yamekuwa mekundu mazito. Waridi yake ni ya upole, na kwa kuwa kokwa zina ukakasi wake, hushika hata kwenye pamba iliyochemshwa vizuri. Kadiri miaka inavyopita huelekea kahawia, lakini hufanya hivyo kwa heshima, bila kuacha mabaka. Usiipike katika chombo cha chuma kisichopakwa kitu, utapata kijivu.

Nyekundu ya kweli hutoka kwenye mizizi. Kuna mmea wa kutambaa uitwao Rubia cordifolia kwa jina la kitaalamu, wenye shina la pembe nne na vimiba vinavyoshika nguo, unaoota pembezoni mwa misitu ya nyanda za juu. Mizizi yake ni ya jamii ile iliyovika Asia na Ulaya nguo nyekundu kwa karne nyingi. Nisingependa kusikia kwamba umekwenda kuung’oa msitu wa Mau. Kuchimba mzizi ni kuua mmea, na mizizi huhitaji kama miaka mitatu ndiyo iwe na rangi ya maana. Otesha wako uani sasa, na mwaka wa tatu uniandikie tena.

Maji nayo yaangalie. Ya mvua ndiyo bora. Ya kisima hutofautiana kutoka boma moja hadi jingine, na kipimo changu ni chai: pika chai kali ya Kericho bila maziwa kwa maji hayo na kwa maji ya mvua, uziweke katika vikombe viwili vyeupe. Ile ya kisima ikiwa nyeusi kama wino, maji hayo yana chuma, na njano zako zote zitatoka na ukijani hata ufanye nini.

Kabla ya kumuuzia mtu tena, fanya jaribio ambalo halikugharimu kitu. Zungusha kila uzi mpya kwenye kipande cha katoni, funika nusu kwa katoni nyingine iliyobanwa sana, ukiandike tarehe na mmea, kisha ukiegemeze kwenye dirisha linalopata jua moja kwa moja. Fungua baada ya wiki sita. Uzi mwingine wa aina hiyo hiyo usokote pamoja na uzi mweupe wa pamba, uufue kwa sabuni yako ya kawaida, na utazame kama mweupe umeambukizwa. Bitiruti ingekuonyesha tabia yake katika wiki mbili, wala mteja asingeijua.

Kuhusu vitu vilivyorudi: kitambaa cha meza kitumbukize chote katika nili. Kiloweke kwanza katika maji mpaka kisiwe na hewa, kichovye kwa dakika chache, kitoe, kiache kwenye hewa, urudie mara mbili. Palipokuwa na waridi na njano patakuwa na buluu nyepesi, palipokuwa na buluu patakuwa na buluu nzito, na mistari uliyoifuma itabaki ikisomeka. Njano iliyosalia itakupa ukijani kwa muda, nao utaondoka. Mwambie mteja mapema. Zulia ni gumu zaidi, kwani pipa lenye chokaa nyingi huiumiza sufu, kwa hiyo kwa hilo nenda kwa mkaratusi: sehemu za waridi na njano zitapanda kuwa machungwa au kutu, na buluu itakuwa nzito zaidi, karibu na rangi ya mlima wa mbali jioni. Lipikwe bila kukunjwa na bila kukorogwa, na kama mtande wake ni wa pamba, utabaki mweupe kiasi kwenye matamvua.

Unga wako wa nili, nimalizie hapo, huenda ukawa wa kiwandani, kwani ulianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1897 na hauna tofauti ya kikemikali na ule wa mmea. Hakuna ubaya, ila usimwandikie mteja kwamba ni wa mmea kama hujui. Ukitaka nili ya mmea, Indigofera arrecta, mmoja wa mimea inayotoa nili, ni wa asili ya Afrika, hukubali bustani, na mbegu zake zikilowekwa usiku mmoja katika maji ya moto huota vizuri zaidi.